Mafiga Meupe Getini

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wenye nyumba ya kuuza sasa na mtakaokuwa nayo baadaye, kaeni chini mnisikilize. Nimesoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne sikulimaliza, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Nitawaambia jinsi nilivyouza nyumba yangu, na jinsi nilivyokaa siku nane ndani ya nyumba hiyo watu wakijua nimekufa. Sitanii. Waliokaa na mimi wanajua sina utani.

Nyumba ilikuwa nje kidogo ya Katesh, mlima ukiwa mgongoni na mbuga mbele. Vyumba vinne, matofali ya kuchoma, bati. Uani kulikuwa na jiko la udongo, na jiko hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko nyumba, maana mimi na marehemu mume wangu tulianza kwa kujenga jiko na tukalala humo miaka miwili. Mafiga yake matatu aliyaleta mama mkwe wangu, mawe meusi ya korongoni, akayachimbia mwenyewe chini akaniambia, "Sasa una nyumba." Kuta zilikuwa hazijafika kiunoni.

Mume wangu hakuzikwa pale. Yuko Dirma, kwenye boma la baba yake. Nalisema mapema kwa sababu ndilo swali la kwanza la mnunuzi huku kwetu: kuna kaburi? Kama lipo, sema kabla hajauliza, mwonyeshe lilipo, na mwelewane ni nani atalitunza. Ukificha kaburi umeuza ugomvi.

Sababu ya kuuza ilikuwa binti yangu. Anaishi Mbulu. Alianguka akavunjika nyonga, na mfupa haukuunga vizuri. Alikuwa kwenye chumba kimoja cha kupanga, hawezi hata kujigeuza kitandani bila mtu. Wifi yake wa upande wa mume ndiye aliyekuwa anamtunza, na alikuwa ameshasema kwamba mwisho wa mwezi unaofuata anarudi kwa watoto wake. Mimi nilitaka kuuza Katesh, ninunue kijumba kidogo Mbulu chenye mlango mpana, niingie humo na yeye. Nisipouza mpaka wakati huo, binti yangu analala peke yake na kuta. Hilo ndilo lililokuwa linaniuma, mengine yote yalikuwa maneno tu.

Kwenye nyumba niliishi na mwanangu wa kiume, mke wake na watoto wao wawili. Wao walikuwa na kiwanja chao mjini, wanasubiri kupiga bati. Nikawaita, nikamwita na dalali, mwanaume wa viatu vilivyochongoka ambaye hata akikaa simu haitoki mkononi. Nikawaambia: kwanza bati linalovuja lizibwe, halafu ndipo mpake rangi. Watu wengi wanapaka rangi kwanza, mvua ikinyesha mara moja doa linatoka kama jipu, na mnunuzi akiliona anaanza kutafuta mengine. Dalali akasema kuna ufa chumba cha mbele, tuusawazishe na lipu usionekane.

Nikamwambia, "Ufa uacheni."

"Mama, mteja akiona ufa anakimbia."

"Huu ni udongo mweusi wa mbuga. Ukikauka unapasuka, ukilowa unavimba. Nani huku hana ufa? Akikuta nyumba isiyo na ufa atajua tumeficha."

Akacheka. "Basi bibi, wewe ndiye dalali."

Hapo nilikuwa sahihi. Nilipokosea ni hapa: karatasi za kiwanja nilizifungia kwenye sanduku langu, lakini funguo za milango yote nikampa mke wa mwanangu, nikasema, "Fanyeni usafi, ondoeni vya kuondoa, nyumba ionekane." Sikusema kipi kiondolewe na kipi kisiguswe. Yeye ni mtoto wa Babati mjini, amekulia kwenye jiko la gesi. Kosa la pili, niliondoka na basi la alfajiri kwenda kumtazama binti yangu bila kumuaga jirani yangu.

Huyo jirani lazima niwaambie. Ni mwanamke wa wafugaji wa mbuga, umri wangu, boma lake na uwanja wangu vimepakana kwa ua wa minyaa. Kiswahili chake kidogo. Lugha yake mimi naijua kwa sababu niliolewa kwa watu wake, ingawa nimezaliwa upande wa Mbulu. Tulizaa miaka ile ile. Tulikuwa tunaitana dada, na si kwa mdomo tu. Watoto wangu wawili walinyonya kwake nilipolazwa na homa. Mke wa mwanangu na yeye hawakuwa wakiongea. Mmoja alimwogopa mwenzake kwa bangili zake nzito na michoro ya usoni, mwingine alimwona mwenzake mtoto asiye na adabu. Kwa hiyo mimi nilipoondoka, hapakubaki mtu wa kusema neno kuvuka ule ua.

Mbulu nilikaa wiki tatu. Siku moja, baada ya chai ya asubuhi, nilikaa kwenye kiti nikamenya viazi. Ninachokumbuka ni kiazi cha pili. Halafu nikasikia kitu kinavunjika. Nikafumbua macho, kikombe kiko vipande vipande miguuni pangu, na jua limeshahamia dirisha la pili. Kisu kilikuwa bado mkononi, kiazi kimekuwa cheusi. Binti yangu kitandani analia. Aliniambia ameniita tangu asubuhi. Wifi yake alikuwa ameenda kliniki. Yeye hawezi kushuka kitandani, kwa hiyo alinirushia ndala, akanirushia kitana, akanirushia mto, na mwisho kikombe. Alisema, "Mama, kifua chako kilikuwa hakipandi." Miguu yangu ilikuwa ya baridi mpaka magotini kama nimesimama mtoni.

Nikamwambia ni uchovu wa safari. Jioni ile mwanangu akapiga simu: ametoka mnadani, beberu wetu ameuzwa, chokaa imepatikana, na kazi ya kusafisha imeanza leo. Nikasema vizuri. Nikafagia vigae.

Niliporudi Katesh basi lilinishusha barabarani karibu na saa sita mchana. Jua kali, upepo ule wa mbuga unaozungusha vumbi. Mwanzo wa njia yetu kuna kibanda cha mama mmoja anayeuza sukari na mafuta ya taa. Miaka yote akiniona kwa mbali anapaza sauti, "Shikamoo bibi!" mpaka naona aibu. Siku ile alinitazama nikija. Alinitazama vizuri. Kisha akageuka akaangalia rafu zake, akabaki ameniwekea mgongo mpaka nimepita.

Nikasema ana yake moyoni. Mbele kidogo nikakutana na watoto wanaotoka shule. Mnajua huku kwetu mtoto kupita mtu mzima bila shikamoo ni jambo la kuitwa mzazi. Wale watoto walishuka kwenye majani, wote, wakasimama mstari mmoja, mikono chini, kimya. Wa mwisho alifumba macho. Nikapita. Nyuma yangu sikusikia mguu hata mmoja ukitembea.

Mchungaji mwenye ng'ombe kama kumi na tano alikuwa anakuja kwa njia ile ile. Aliponiona aliwapiga ng'ombe, akawaingiza kwenye shamba la mtu lililolimwa, akanizunguka mbali. Ng'ombe wenyewe walikuwa wanaitazama ile njia.

Nikafika bomani kwa jirani yangu. Alikuwa amesimama langoni, na nguo ya kichwa ilikuwa imemtelezea. Kichwa kilikuwa kimenyolewa upara, kipya, kinang'aa. Kwao mwanamke hanyoi hivyo ila amefiwa na mtu wa karibu. Nikamsalimia kwa lugha yake, nikamuuliza, "Dada, amekufa nani?"

Alivuta nguo akafunika uso wote. Akarudi nyuma, hakunipa mgongo, akaingia ndani vile vile kinyumenyume.

Nikajua ni msiba mkubwa, nikasema nitaenda kutoa pole akitulia. Nikaenda kwangu. Na kwangu nikasimama getini, maana sikupajua. Nyumba ilikuwa nyeupe mpaka inaumiza macho. Kulikuwa na njia imepangwa toka getini mpaka barazani, mawe pande mbili, yote yamepakwa chokaa, na maua kwenye makopo ya rangi. Palikuwa pazuri, siwezi kusema uongo. Ila palikuwa kama mahali ambapo mtu ametoka na hatarudi.

Mke wa mwanangu akatoka mbio, "Shikamoo mama! Karibu! Umeona?"

"Marahaba," nikasema. Nilitamka lile neno nikagundua ile ndiyo shikamoo ya kwanza niliyopewa tangu nishuke kwenye basi.

Nikataka kwenda jikoni kwangu. Akanizuia. "Bado mama, tumemwaga saruji, haijakauka. Fundi kasema siku saba mtu asikanyage." Mlango ulikuwa na kufuli. Nikauliza mafiga yangu. Akasema, "Yapo mama, yamewekwa vizuri." Nikaamini. Tukapikia gesi barazani.

Asubuhi yake nilikuta majani mabichi getini. Fungu dogo, limekatwa vizuri, limelazwa juu ya mawe meupe ya mwanzo. Huku kwetu majani mabichi ni ya kuomba amani. Mtu akikukosea na anataka yaishe, anakuletea majani. Nikajiuliza ni nani amenikosea. Sikumwona mtu, nikayafagia. Kesho yake yakawepo tena, mafungu matatu. Nikayafagia. Siku ya tatu yalikuwa mengi kama ya kulisha ndama, na nilipoinama na ufagio nikaona watu wamesimama ng'ambo ya njia, wanawake na wazee, wananitazama ninavyoyafagia. Mzee mmoja alitikisa kichwa polepole kama mtu aliyenyimwa kitu. Wakaondoka.

Wateja walikuja. Dalali alikuwa ametuma picha kwa watu wengi, na picha zilikuwa nzuri. Wa kwanza walikuwa mwalimu na mke wake. Nilikaa barazani kwenye kigoda changu nachambua maharage. Yule mwanamke akafika nusu ya njia ya mawe meupe akasimama. Akamuuliza dalali, wala hakushusha sauti, "Na yule ni nani?"

"Ndiye mwenye nyumba."

Yule mwanamke akamshika mume wake mkono, wakageuka. Hawakuona hata chumba kimoja. Wa pili alikuja na gari, mtu wa upande wa Singida. Alisimama kwanza kule kwenye kibanda akaulizauliza, halafu akaja mpaka getini, hakushuka. Alinitazama kupitia kioo kilichofungwa. Nilimpungia mkono kumkaribisha, na gari likarudi nyuma mpaka kwenye kona bila kugeuza.

Nilikwenda sokoni kununua vitunguu. Muuzaji, msichana ninayemjua, hakuniwekea mkononi. Aliviweka chini kwenye gunia, akasogea. Nikampa hela, hakuipokea. Akasema, macho yake yako kwenye miguu yangu, "Chukua tu bibi. Nenda salama."

"Kwa nini nichukue bure? Nimekuwa ombaomba?"

"Nenda tu salama, bibi. Usirudi."

Nilirudi na vile vitunguu mkononi na nikaanza kuhesabu vitu ambavyo mtu mzima hahesabu. Nani amenigusa tangu nitoke Mbulu? Wajukuu wamenigusa, lakini watoto wadogo wanaona mengi. Nikakumbuka kile kiti, kisu na kiazi cheusi. Nikakumbuka baridi ya magotini. Nikajiuliza kama kweli kile kikombe kiliniamsha. Niliupeleka mkono wangu kwenye sufuria ya moto makusudi. Uliungua. Lakini nani ameniambia kwamba aliyekufa haungui?

Siku ya nane dalali akaja peke yake. Viatu vyake vina vumbi, na kwa mara ya kwanza simu ilikuwa mfukoni. Alisema kuna mteja wa kweli, mama mjane wa familia ya wafanyabiashara hapo Katesh, ana pesa taslimu, anataka kuhama kelele za stendi. Ameipenda nyumba kwenye picha. Ila ana sharti.

"Sharti gani?"

Akatazama ukuta. "Anataka kuona karatasi za mirathi, mama. Na cheti cha kifo."

"Cha mume wangu kipo ndani ya sanduku."

"Siyo cha mzee."

"Cha nani sasa?"

"Chako, mama."

Nawaambia ukweli, miguu ilinipoa tena mpaka magotini. Nikamuuliza, "Na wewe unaongea na nani hapa?"

"Mimi nimetoka Babati, mama, naona wewe ni mzima. Lakini huku kote wanasema mwenye nyumba alifia Mbulu akazikwa huko, na mwanawe anauza kwa haraka kabla ndugu hawajajua. Wengine wanasema amekodi mwanamke mzee akamvika nguo za mama yake. Wengine hawasemi hivyo. Wengine wanasema ni wewe mwenyewe, na hutaki kutoka."

Mnaona hapo. Ndiyo maana nawaambia, mteja wenu akiondoka kwa dalali anakwenda kuuliza kwenye kibanda na kwa majirani. Nyumba yangu ilikuwa inatangazwa na watu wanaoamini inauzwa na maiti. Chokaa ingesaidia nini?

Niliinuka pale pale nikaenda kwa jirani yangu. Sikupiga hodi. Nilisimama katikati ya lango la ng'ombe, jua la saa saba likiwa utosini, nikasema, "Dada, sitaondoka hapa mpaka uniambie nimefanya nini."

Alikuwa anakamua mbuzi. Hakuinua uso. Akaanza kusema, lakini alikuwa anamwambia mbuzi. "Mwambie huyo aliyesimama langoni kwamba mtu akifa akakusalimia, huitikii. Ukiitikia umekubali kuongozana naye. Mwambie nina wajukuu."

"Mwambie mbuzi wako," nikasema, "kwamba mimi sijafa."

"Mwambie tulimlilia siku nne humu bomani, maana mwanawe hakutuita msibani. Mwambie nimenyoa. Mwambie tumempelekea majani apumzike na yeye anayafagia kama takataka."

Sasa nikaelewa wale watu waliosimama ng'ambo ya njia walikuwa wanaona nini.

"Nani alikwambia nimekufa?"

Hapo ndipo alinyanyua kidevu, akaelekeza kule kwangu. "Mafiga ya mwanamke yanatoka jikoni siku moja tu. Niliyaona kwa macho yangu. Yule mtoto wa Babati aliyatoa, meusi, bado na jivu, akayaweka getini. Na wewe hujaonekana siku nyingi wala hukuniaga. Ningeuliza nini tena?"

Ndivyo ilivyo kwa watu wale, na mimi nililijua hilo tangu nikiwa mwali. Mama wa nyumba akifa, wanawake wanayang'oa mafiga yake na kuyatoa langoni, ili moto wake usipikie mwingine. Nililijua, na nilipita katikati ya yale mawe meupe siku nane, asubuhi na jioni, bila kuyatambua.

Jirani yangu akainuka. Akachukua kibuyu cha maziwa, akakiweka chini katikati yetu, akarudi nyuma hatua tano. "Kama ni wewe, kunywa. Unywe kama yeye anavyokunywa."

Nikakishika, nikanywa kwa pupa, na maziwa yale yenye harufu ya mkaa wa kusafishia kibuyu yakanipalia kama kawaida yangu, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. Yeye akanitazama. Halafu akaanza kucheka, kwanza ndani ya kifua, halafu akakaa chini kwenye mavi ya mbuzi akiwa anacheka na kulia pamoja.

"Ni yeye! Miaka hamsini hajajua kunywa maziwa! Mlafi wewe, hata kufa hujui!"

"Na wewe umenyoa nywele zako nzuri kwa ajili ya mzee kama mimi."

"Nilipe nywele zangu!" Akanishika mikono yote miwili, akanitemea mate ya baraka kifuani. Yalikuwa ya joto. Sijawahi kufurahia mate namna ile.

Tukaenda wote getini. Nilichukua kisu nikakwangua jiwe la kwanza. Chokaa ikatoka kama ganda la yai, na chini yake palikuwa peusi, masizi ya miaka yote ya ndoa yangu. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Mke wa mwanangu alisimama barazani mkono mdomoni.

"Mama, dalali alisema jiko lenye mawe linaonekana la kizamani. Nikaona nisiyatupe, niyapake yapendeze getini. Sikujua."

"Ulifanya siku gani?"

"Siku baba watoto alipokwenda mnadani. Asubuhi."

Nikahesabu siku kwa vidole. Wao hawakujua kwa nini. Mimi sisemi kitu kuhusu hilo. Nimeandika kilichotokea Mbulu, na nimeandika siku ilikuwa gani; ninyi mna akili zenu.

Nikamwambia mwanangu alete sururu. Dalali akaruka, "Mama, saruji mpya! Unashusha thamani!" Nikamwambia asogee kama hataki kuumia mguu. Tukaivunja katikati ya jiko, tukafika kwenye udongo, tukayachimbia mafiga palepale yalipokuwa. Mashimo yake bado yalikuwepo chini ya saruji, matatu, kama macho. Nikawasha moto mwenyewe. Nilipika makande ya kulisha mtaa, na kuni nilichagua mbichi kidogo kusudi moshi uwe mwingi.

Moshi ulitoka ukapanda. Haikupita muda nikasikia hodi. Mama wa kibanda akaingia, amekunja khanga usoni, "Shikamoo bibi," kwa sauti ya mtoto. "Marahaba. Na siku ile mgongo wako ulikuwa unaniambia nini?" Watu wakacheka. Wakaja watoto wa shule, wakanipa shikamoo moja moja, na yule aliyefumba macho nilimwongezea sahani. Msichana wa vitunguu nilimlazimisha apokee hela yake.

Siku ya pili yule mama mjane akaja mwenyewe. Hakwenda chumbani wala sebuleni. Alikwenda jikoni, akaangalia saruji iliyovunjwa, akavuta kigoda, akakaa.

"Wewe ndiye marehemu?"

"Ndiye mimi."

"Unapika vizuri kwa hali yako." Akajipakulia. Nikamwonyesha ufa wa chumba cha mbele kabla hajauona, nikamwambia bati gani lilikuwa linavuja, kisima cha jirani kinakauka mwezi gani, na habari yote ya mafiga kama ninavyowaandikia ninyi. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema ameshaona nyumba sita mwezi ule na hii ndiyo ya kwanza ambayo mwenyewe amemwambia kasoro bila kubanwa.

Tulipima mipaka mchana, majirani wote wakitembea nasi, jirani yangu mbele na upara wake, akionyesha kwa fimbo kila mnyaa ulioanza kwangu na ulioishia kwake. Tukaandikiana mbele ya mwenyekiti, wanangu wote wawili wameridhia, wa Mbulu kwa kuweka dole gumba kwenye karatasi tuliyompelekea. Fanyeni hivyo. Mipaka itembewe na majirani, watoto wakubali kwa maandishi, na muuzaji aonekane na watu yu hai.

Siku ya kuhama nilizima moto mwenyewe. Nikayang'oa mafiga kwa mikono yangu, yangali na joto, nikatoka nayo langoni kwa miguu yangu mwenyewe, watu wakiniona. Jirani yangu alibeba moja mpaka kwenye basi. Hakulia. Alisema ameshalia la kutosha, na nywele zikiota atanidai.

Sasa nipo Mbulu, kijumba chenye mlango mpana, binti yangu ananitazama kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Mwanangu na mke wake walikuja kunisaidia kuchimbia mafiga. Nilipomaliza kushindilia udongo niliwakusanya wote watatu jikoni, nikawaambia hivi, na nikawafanya warudie:

"Mawe haya asiyashike mtu. Na siku mkinikuta nimelala kwenye kiti na siamki, msinirushie kikombe. Kwanza njooni hapa muone kama mafiga yako mahali pake. Kama yapo, niamsheni. Kama hayapo, yarudisheni kwanza, washeni moto, ndipo mniite."